Koti la Safari ya Meli

Simu ya mtoto wetu iliingia Jumapili moja ya mwezi wa kumi, mchana, nikiwa uani namchujia mume wangu uji. Ulikuwa uji wa ulezi, mwepesi tu, lakini nilikuwa nauchuja tena kwa kitambaa kwa sababu chenga moja ilitosha kumkaba mpaka macho yakamtoka. Watu wa nzengo walikuwepo. Nzengo ni wale majirani ambao kwetu huku Bariadi ndio wanaokulimia ukiugua na ndio wanaokuchimbia kaburi ukifa, na siku hiyo walikuja kupanga lini watatulimia shamba la pamba. Mume wangu akaiweka simu kwenye spika. Hakuwahi kuongea na mtoto wake kwa siri hata mara moja. Alitaka kila mwenye masikio asikie kwamba anapigiwa kutoka baharini.

Mtoto wetu ni mmoja tu, wa kike. Anafanya usafi wa vyumba kwenye meli ya watalii. Kazi aliipata kupitia wakala wa Dar es Salaam, baada ya kuzunguka na cheti chake cha hoteli mpaka soli zikaisha, na tangu aondoke alikuwa hajarudi. Mkataba mmoja ukiisha anasaini mwingine, anasema ngoja kwanza mama, ngoja kidogo. Siku hiyo sauti yake ilikuwa juu, hata salamu aliikata katikati.

"Baba, kampuni imenipa zawadi! Wewe na mama mnakuja kupanda meli yangu. Wiki nzima. Chumba, chakula, na tiketi za ndege zimo humo humo. Mwanza mpaka Durban, Afrika Kusini, hamtoi kitu!"

Kina mama wa nzengo wakapiga vigelegele. Mbuzi wa jirani wakakimbia. Mtoto akasubiri kelele ziishe, akaeleza vizuri. Wafanyakazi waliokaa muda mrefu walikuwa wanachagulishwa: ama mfanyakazi achukue tiketi yeye mwenyewe aende kwao likizo mwezi wa kwanza, ama wazazi wake waletwe wasafiri wiki moja kwenye meli kama wageni. Kimoja tu. Ukishachagua hakuna kurudi nyuma.

"Mimi mkataba unaisha mwezi wa sita, nitakuja tu," akasema. "Kwa hiyo njooni nyie kwanza mwone ninakoishi. Baba, si uliniambia treni inaishia baharini? Njoo sasa uione."

Habari ya treni ilikuwa ya kwao wawili. Alipokuwa mdogo baba yake alimpeleka stesheni ya Malampaka kwa baiskeli, kwenda kuona treni tu, hawakuwa na safari yoyote. Mtoto akauliza hii inaishia wapi. Baba yake, ambaye alikuwa hajawahi kufika hata Tabora, akamjibu kwa uhakika kabisa kwamba inaishia baharini. Nilimcheka miaka mingi kwa jibu lile. Mwanamume ametumia maisha yake yote kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, anakohoa nyuzi, halafu anajifanya ameiona bahari.

"Tunakuja, ng'wanone," mume wangu akasema, mwanangu, tunakuja. "Mwambie mkubwa wako atandike kitanda."

Watu wakacheka. Mimi nilibaki na kitambaa cha uji mkononi.

Maana mimi nilikuwa najua. Kabla ya hapo, kwenye hospitali moja ya Mwanza, daktari alinitoa nje ya chumba, mimi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akatuambia kwamba kinachomziba koo si vidonda vya tumbo kama tulivyodhani. Ni saratani, na imeshakaa pabaya, hawawezi kukata. Tumrudishe nyumbani, tumpe anachoweza kumeza. Akaniuliza tunalima nini. Nikasema pamba. Akasema basi msimu wa pamba unaokuja hatauona. Alisema kwa upole, nampa haki yake, lakini msimu wa pamba unafunguliwa mwezi wa tano na mtoto wetu angerudi mwezi wa sita. Hapo hapahitaji kwenda shule.

Mume wangu hakuambiwa. Kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa kunywa dawa, utapona. Na mtoto hakuambiwa, kwa sababu aliye mbali utamwambia akufanyie nini, zaidi ya kumkosesha usingizi? Tulimwambia baba ana vidonda vya tumbo, anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri. Mwaka ule neno hilo nililisema mpaka likawa linatoka lenyewe, hata kabla sijaulizwa. Yeye na baba yake walikuwa wanaongea kwa sauti tu. Mtandao wa meli ulikuwa hautaki picha, na siku ulipokubali mume wangu alidai kamera ya simu yetu imekufa. Nilidhani anaona aibu kwa jinsi mashavu yalivyoingia ndani.

Majibu yalitakiwa kufika Ijumaa.

Karatasi za kampuni zilikuja kwenye simu, kwa Kiingereza. Jirani yetu mmoja ni mwalimu wa sekondari, nikampelekea anisomee, pale barazani kwake, mchana, watoto wake wanacheza mpira. Akasoma kwa sauti ya darasani. Tiketi zimo ndani ya safari, ndiyo, lakini siku wanapanga wao na ndege wanapanga wao. Kutoka Mwanza mtafika Dar jioni. Mtakaa uwanjani mpaka alfajiri, ndipo mpande ya Johannesburg, hapo mbadilishe tena, mfike Durban siku hiyo hiyo ambayo meli inaondoka. Mkichelewa meli haisubiri. Jina haliwezi kubadilishwa, siku haiwezi kubadilishwa.

"Wengine wanakataa hizi tiketi," mwalimu akaniambia. "Wananunua zao, ili wapumzike njiani. Ila nyie mna nafasi hiyo?"

"Mwalimu," nikamwambia, "unaniona nina nafasi ya namna hiyo?"

"Basi mayu, mama yangu, chukueni. Ni bahati. Kuna watu wanaombea hiyo."

Bahati. Nikarudi nyumbani nawaza ile bahati. Mtu anayelishwa maziwa kwa kijiko, akae kwenye kiti cha chuma cha uwanja wa ndege mpaka alfajiri? Na mwalimu aliniambia vitu vya majimaji hupiti navyo. Sasa mume wangu nitampa nini, mkate? Mpaka hapo jibu lilikuwa wazi kama mchana: hatuwezi kwenda. Mtoto achukue ile tiketi aje yeye. Kila nilipofikiria kitu hicho nilikiona kizuri, naona kabisa anavyoshuka na begi lake. Halafu nafika kwenye neno la kumwambia, nakwama.

Kwa sababu huwezi kusema hatuji ukaishia hapo. Ataniuliza kwa nini. Nilitafuta uongo, na mimi si mgeni kwenye uongo, nauza mchele sokoni. Nilifikiri nimwambie naogopa ndege. Angesema basi baba aje peke yake. Nilifikiri nisingizie shamba. Lakini nzengo nzima ilishasikia kwamba shamba litalimwa, na mume wangu alishasema tunakuja mbele za watu. Mimi nikisimama nikasema mzee hasafiri, maana yake nini? Kila mtu pale alikuwa anamwona alivyokonda. Kumwambia mgonjwa hutafika ile siku ni kumvika sanda akiwa anakutazama.

Alhamisi nikaenda Binza, kule Maswa, kwa shemeji. Ana kaduka kadogo ka sabuni na sukari. Alinisikiliza huku anapima mafuta ya taa, hakunitazama mpaka nilipomaliza.

"Shemeji," akasema, "ukimwita mtoto umemzika mdogo wangu."

"Nisipomwita atamkuta?"

"Hilo mimi sijui. Ninalojua ni la baba yetu." Akaniambia habari ambayo mume wangu hajawahi kunisimulia. Baba yao alikuwa anaugua kule Kimali. Mama yao akatuma watu, wanawe wote wakaja siku moja, wengine kutoka mbali kabisa. Mzee akawakuta wamejipanga mlangoni. Akawaangalia mmoja mmoja, akauliza, nani amekufa? Mzee akageukia ukutani, na toka hapo hakula kitu mpaka mwisho. "Mdogo wangu ndiye aliyekuwa amebeba uji," shemeji akasema. "Aliona kwa macho yake. Binti akiingia pale nyumbani mwezi wa kwanza wakati alisema mwezi wa sita, mdogo wangu atajua dakika hiyo hiyo. Unataka ageukie ukutani?"

Sikutaka. Nani anataka? Nilikaa kwenye kreti la soda pale dukani kwake nikalia, na wateja wakanunua sabuni yao wakaondoka, wakidhani nimefiwa. Shemeji hakuninyamazisha. Akanifungia kilo ya sukari, kama vile mume wangu bado anakunywa chai.

Ijumaa nikamwambia mwalimu aandike ndiyo, wote wawili. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kukaa mpaka mwezi wa sita, madaktari wanakosea kila siku. Sikuamini hata nusu yake. Mwalimu akabonyeza, akasema hongera.

Mume wangu aliposikia akataka koti. Hakuwa na koti tangu la harusi yetu, ambalo panya walishamaliza hesabu yake. Nikampeleka kwa fundi wa sokoni, jirani na meza yangu ya mchele. Fundi akampima mabega, akampima kifua, akachagua kitambaa cha bluu iliyoiva, akasema mzee wa meli hawezi kuvaa kijivu. Lilipokuwa tayari lilimpwaya kidogo pembeni. Fundi akalipunguza. Wiki chache baadaye tukaenda kujaribu tena, likawa linaning'inia. Akalipunguza tena. Mara ya tatu hatukwenda sokoni, fundi alikuja mwenyewe nyumbani na pini zake mdomoni, akabana mgongoni, akabana mabegani, akapandisha mikono.

"Sikati kitambaa," akasema mwishoni. "Nakikunja ndani tu. Ukirudi umenenepa kwa vyakula vya meli, naachia."

"Acha kingi," mume wangu akamjibu. "Nasikia kule wanakula mara sita."

Wakacheka wote wawili. Fundi alipotoka alisimama kwenye kona ya nyumba, akajifuta uso kwa ile tepu yake ya kupimia, akapanda baiskeli akaondoka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mwezi wa kwanza. Mvua zikaja, nzengo wakalima na kupanda, wakaja tena kupalilia. Kila aliyepita alimsalimia mume wangu kwa Kisukuma, mwadila, mzee wa meli, na yeye anaitikia kwa mkono kwa sababu sauti ilikuwa inakwisha. Uji ukawa haupiti. Maziwa yakapita kwa muda, halafu nayo yakaanza kurudi. Alikuwa anapenda sana michembe, vile viazi vya kukausha, basi alikuwa ananiomba kipande kimoja anakishika mkononi, anakinusa, ananirudishia. Uhamiaji walikuja kutupiga picha nyumbani kwa huruma, na pasipoti zikatoka. Ile picha yake sikuipenda. Nikaziweka pasipoti zote mbili ndani ya sanduku, juu ya nguo, na sanduku nikaliweka pale anapoliona akiwa amelala. Kila mtu alicheza sehemu yake vizuri. Hata katekista alikuja na sala ya wasafiri, akaomba Mungu azitulize bahari. Nilitamani kumtoa nje kwa ufagio.

Siku yenyewe ikafika. Nasema ukweli, nilikuwa nimengojea mtu fulani aje aisimamishe. Shemeji, mwalimu, hata mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyeisimamisha. Asubuhi gari la kutupeleka Mwanza likapiga honi. Watu wa nzengo walikuwa wameshajaa uani, kila mtu na kifurushi cha kumpelekea mtoto: karanga, michembe, nsansa zile mboga za kukausha, jogoo mmoja mzima amefungwa miguu. Jogoo! Nilimtazama yule mama aliyembeba, naye akaangalia chini. Alijua jogoo haendi popote. Wote walijua. Lakini walikuwa wamesimama pale na mizigo yao, wanangoja mzee atoke.

Nikaingia ndani kumvalisha. Nilimkalisha kitandani, nikamwegemeza begani kwangu, nikaingiza mkono mmoja kwenye koti, kisha mwingine. Fundi alikuwa amelipatia. Lilimkaa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonivunja, kwamba lilimkaa. Nikafunga vifungo. Hakuweza kusimama. Tulijaribu, miguu ikakataa, nikamrudisha kitandani, tukakaa hivyo, honi inapigwa tena nje.

"Siku ile Mwanza," akasema. Sauti ilikuwa pumzi tu, ilibidi nimsogelee. "Ule ukuta ni wa mbao."

"Ukuta gani?"

"Wa daktari. Mlisimama nyuma yake. Nilisikia yote. Mpaka habari ya msimu wa pamba."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, na hasira zikanipanda kutoka miguuni.

"Ukanyamaza?"

"Na wewe ulinyamaza."

"Mimi nilinyamaza kwa ajili yako!"

"Na mimi?" Akapumzika, akameza kitu ambacho hakikuwepo. "Uliingia mle chumbani umenawa uso, unacheka, unaniambia ni vidonda tu. Nikasema huyu mama amejikaza hivi, nikionyesha najua ataanguka. Mtoto akatuita kwenye meli. Ningefanyaje? Nikasema tunakuja."

"Ungemwambia aje yeye! Tiketi ilikuwa yake! Wewe unajua, mimi najua, ungesema tu mwanangu njoo."

"Ningesema aje, ungejua nimeshakata tamaa."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kumshika yale mabega ya koti nimtikise. Miezi yote ile nimelala kando ya mtu anayenidanganya kwamba nimefanikiwa kumdanganya. Kamera iliyokufa, maneno ya vyakula vya meli, kucheka na fundi, yote alikuwa ananifanyia mimi maonyesho, na mimi namfanyia yeye, na yule tuliyekuwa tunamtaka wote wawili, usiku na mchana, tulimwandikia ndiyo akae huko huko aliko. Nikamwambia wewe ni mjinga. Akasema ndiyo. Nikamwambia mimi ni mjinga zaidi. Hakukataa.

Simu ikalia. Ilikuwa mtoto. Meli ilikuwa inakaribia Durban, mtandao umeshika.

"Mama, gari limefika? Mmeshatoka?"

"Limefika."

"Nimewatandikia mimi mwenyewe! Chumba chenu kiko kwenye upande wangu wa usafi, nimeomba nipewe. Dirisha linaona maji. Mpe baba nimwambie."

Nikamtazama mume wangu. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ila sauti haikuwepo tena. Basi nikasema mimi.

"Hatuji. Baba yako ana saratani ya koo. Hawezi kusimama. Tulijua kabla hujatupigia habari ya hiyo zawadi."

Upande wa pili nikasikia kama kitoroli kinasukumwa, na watu wanaongea lugha yao. Kikapita.

"Mama, si mlisema vidonda?"

"Tulisema."

"Tiketi ilikuwa yangu." Hakuwa analia bado, alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ningekuja mimi. Mama. Ningekuja mimi."

Nikaweka simu sikioni kwa baba yake, nikaishikilia pale. Sijui mtoto alimwambia nini. Mume wangu aliisikiliza mpaka mtandao ulipokatika, kisha akanigusa mkono.

"Nivue hili koti," akanong'ona. "Linanielemea. Na usinivalishe tena."

Nikafungua vifungo, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikatoka nje kuwaambia watu. Sikuhitaji kusema mengi. Wakaweka vifurushi vyao kwenye kibaraza kimoja kimoja, na wanaume wakaenda kuongea na dereva. Yule jogoo wakamfungua miguu. Alizunguka uani kama mwenye nyumba.

Mtoto aliomba aruhusiwe kushuka. Mkubwa wake hakuwa mtu mbaya, alisema atamruhusu, lakini mtu wa kushika nafasi yake angepanda meli ikisharudi Durban, baada ya safari ile ile tuliyokuwa tumealikwa. Kwa hiyo wiki yetu aliimaliza bila sisi. Baadaye aliniambia kwamba kile chumba hakikupewa mtu, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa majina yetu, na kila asubuhi alikuwa analazimika kuingia kukisafisha. Nikamuuliza unasafisha nini kwenye chumba kisicholaliwa. Akasema alikuwa anabadilisha mashuka.

Alipiga simu kila meli ilipopata mtandao. Nilikuwa naiweka sikioni kwa baba yake, anasikiliza, anahema. Alitaka amwone kwa picha, baba yake akakataa kwa kidole. Nikamwambia mtoto kamera imekufa, na safari hii hakuniamini, ila hakubishana. Mume wangu alishasema kitu kimoja tu kuhusu mambo ya mbele: asiwekwe kwenye friji kumsubiri mtu. Alisema amefanya kazi maisha yake yote kwenye joto na vumbi la pamba, hataki kulala kwenye baridi. Hata hapo alikuwa anajaribu kunichekesha.

Alikufa meli ikiwa bado haijarudi. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa namlowesha midomo kwa kitambaa kile kile cha uji. Hakugeukia ukutani. Aligeukia mlangoni, upande lilipotundikwa koti, lakini sitaki kuweka maana pale. Labda ni upande uliokuwa unampunguzia maumivu. Nzengo wakaja na majembe. Shemeji alitaka azikwe kesho yake kama mwenyewe alivyoagiza, nami sikupinga. Nilishapinga mambo machache sana mwaka ule. Alizikwa na shuka jeupe na shati lake la kanisani. Koti sikumvalisha, kwa sababu aliniambia.

Mtoto alifika watu wakiwa wamebaki wachache msibani, wamelala kwenye mikeka mchana, wamechoka. Alishuka kwenye pikipiki na begi moja. Aliingia vile vile nilivyokuwa nimemwona kichwani mwezi wa kumi, nilipokuwa nawaza kumwita, ila nilikuwa nimemvika nguo nyingine. Tulipomaliza kulia kaburini nikamwingiza ndani akapumzike. Akakaa kwenye kitanda cha baba yake, akavua viatu, akanyoosha mkono kusukuma mlango ili jua lisimpige usoni. Ndipo akaliona.

Ni koti zuri, la bluu iliyoiva, vifungo vinang'aa.

"Mama," akaniuliza, "hili koti ni la mtoto gani?"

Nikamwambia ni la baba yake. Akadhani nimechanganyikiwa kwa msiba, akanitazama kwa huruma. Kisha akalishusha kwenye msumari, akaligeuza ndani nje, akaona pale kwenye mishono, mabegani, mgongoni na kwenye mikono, kitambaa chote alichokikunja fundi.